Kamba waliotoweka mtoni: uchambuzi wa kisa kutoka miteremko ya Usambara Mashariki, Tanga

Majina ya kijiji, ya mto na ya watu yameondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mtiririko wa matukio umebaki kama ulivyokuwa. Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya maofisa ugani, kamati za maji, walimu na yeyote anayeitwa kijijini kusema kwa nini mto umebadilika.

Mahali na watu wake

Kijiji kiko wilayani Muheza, upande wa Usambara Mashariki unaotazama bahari. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi ukipanda miteremko hii hupoa na kumwaga mvua, na eneo la Amani hupata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Msitu huipokea mvua hiyo na kuiachia kidogo kidogo, ndiyo maana vijito vya huku hutiririka hata wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapochoma kweli kweli.

Mto maarufu wa milima hii ni Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo wakazi wa jiji la Tanga wanalitegemea kwa maji. Mto wa kisa chetu ni mwingine na ni mdogo. Unateremka mpaka baharini bila kupita kwenye bwawa kubwa, jambo lililokuja kuwa na uzito kuliko tulivyodhani.

Maji ya milima hii yana viumbe ambao ni nadra sana duniani. Yupo kereng'ende mwembamba, kitaalamu Amanipodagrion gilliesi, ambaye hajulikani nje ya vijito vichache vya Usambara Mashariki na amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Wapo vyura wa kwenye maporomoko, ambao viluwiluwi wao hujibandika juu ya miamba iliyolowa na kula utando wa mwani. Yupo hata kaa anayeishi kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti, Potamonautes raybouldi, ambaye hakupewa jina la kisayansi hadi mwaka 2004. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya utajiri huu, lakini mito haiishii kwenye mpaka wa hifadhi. Ikitoka msituni inaingia mashambani, na kisa chetu kinaanzia hapo.

Wanakijiji walikuwa na orodha yao ya viumbe: kamba, kaa, mikunga (samaki warefu kama nyoka) na kambale. Kamba wa mtoni walikuwa kitoweo cha kuaminika siku ambayo hakuna hela ya dagaa. Watoto waliwakamata kwa kikapu baada ya shule, mama akawapika kwa nazi na ndimu, siku ikapita.

Malalamiko

Malalamiko yalifika kwenye kamati ya maji, kwa sababu kamati ndiyo iliyokuwa na mkutano wa kila mwezi. Kijiji kinatumia maji ya mserereko. Mtoni kuna banio la zege, bomba linachukua maji hapo na kuyashusha hadi kwenye vituo vya kuchotea. Fundi wa kamati alieleza kuwa chujio la banio linaziba kwa utelezi wa kijani, kitu ambacho zamani kilitokea kwa nadra. Mvua ikinyesha, maji ya bombani yanatoka kama chai ya maziwa. Wengine wakaongeza kuwa kamba hawaonekani tena, na kaa wamebaki wa kuhesabika.

Mkutano ulipata mkosaji haraka. Vijana wa kitongoji kimoja walikuwa wamewahi kukamatwa wakivua kwa utupa, mmea ambao majani yake yakitwangwa na kutiwa majini huwalewesha samaki hadi wakaelea. Lilikuwa jambo linalojulikana, kila mtu alikuwa na hasira nalo, na lilielezea kila kitu kwa mkupuo. Serikali ya kijiji ikapitisha faini, na vijana wawili wakatakiwa kulipa bila mtu kuwaona mtoni msimu ule. Walikana. Wazazi wao wakaacha kuchangia fedha za maji, na bomba la kitongoji chao likaachwa bila matengenezo. Tulipoitwa, ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko tatizo la mto.

Tulivyoanza: kupanda mto kabla ya kukaa kikao

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokaa kwenye kikao kingine mpaka mto uangaliwe. Sababu yake ni nyepesi. Sumu ya utupa ina tabia yake. Inaua kwa ghafla kuanzia ilipotiwa kwenda chini, na kwenye maji ya moto yenye jua kali huharibika mapema. Baada ya hapo wadudu wa majini hurejea, kwa sababu wengine hubebwa na mkondo kutoka juu na wengine hupaa wakiwa wakubwa na kutaga mayai upya. Mto uliotiwa utupa mara moja, ukiwa na msitu mzima juu yake, hauendelei kuwa mtupu mwaka baada ya mwaka. Na watu wote walikuwa wanasema kamba walipungua pole pole.

Tulipanda mto tukiwa na wavu wa macho madogo, beseni jeupe na kipimajoto. Tulianzia ndani ya msitu, juu ya shamba la mwisho, ili tuone mto huo huo ukiwa mzima.

Pale juu tulinyanyua jiwe la ukubwa wa sahani na kulipindua polepole juu ya beseni. Upande wa chini ulikuwa umejaa. Kulikuwa na wadudu bapa wenye mikia mitatu, wakikimbia kwa ubavu juu ya jiwe, na pembeni mwa tumbo lao matamvua ya kupumulia yalikuwa yakipepea bila kusimama. Kulikuwa na wengine wakubwa zaidi, wenye mikia miwili, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kulikuwa na vijumba vidogo vya chembe za mchanga vilivyounganishwa kwa uzi laini, na kila kijumba kilikuwa na mdudu ndani, kichwa nje. Kaa mmoja alijificha chini ya jiwe la pili. Wadudu hawa, hasa wenye mikia miwili, hawavumilii maji yenye joto wala yenye hewa kidogo, na ukiwapata huhitaji maabara kukwambia kwamba pale mto unapumua vizuri.

Tukashuka hadi pale msitu unapoisha na mashamba ya magimbi na miwa yanapoanza, yakiwa yamelimwa hadi kwenye ukingo wenyewe. Jua lilikuwa linapiga majini moja kwa moja. Kipimajoto kilipanda, na kila aliyekuwapo alikishika na kukisoma mwenyewe, maana nilitaka wasiitegemee kauli yangu. Tulipojaribu kunyanyua jiwe, lilikataa. Lilikuwa limezikwa nusu katika mchanga mwembamba na tope, na lilipong'oka halikuwa na uwazi wowote chini yake. Juu lilifunikwa na utelezi wa kijani. Kwenye beseni waliingia funza wembamba wekundu na konokono kidogo. Funza hao hubeba damu yenye uwezo wa kushika hewa hata ikiwa haba, ndiyo maana wao hubaki wengine wanapoondoka.

Mpaka wa mabadiliko haukuwa pale vijana walipokuwa wakivua. Ulikuwa juu zaidi, kwenye mstari ambapo miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa.

Mto ulifikaje pale

Hapa ndipo kisa kinapostahili kukaliwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuhamisha lawama kutoka kwa vijana na kuwatwisha wenye mashamba, kisha tukajiona tumemaliza.

Tulimkuta bibi mmoja akifua. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba mwanangu, akasogeza ndoo ili nikae. Nikamuuliza mto umebadilika nini. Akasema: “Siku hizi mchana maji ni ya vuguvugu. Zamani ukitia mguu unauchomoa.” Alikuwa ameliona hilo tangu miti ya ng'ambo ilipokatwa, na alikumbuka vizuri kwa nini ilikatwa.

Mabonde yale yalikuwa ya iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima wake anaacha miti mikubwa. Ardhi ilipochoka na mavuno kushuka, watu walihamia mahindi na maharage kwenye miteremko. Mahindi yanategemea vuli na masika kuja kwa wakati. Vuli ilipoanza kuwa ya kubahatisha, mara inachelewa, mara inakuja yote kwa wiki mbili na kukatika, familia zilipoteza mbegu mara mbili tatu. Sehemu pekee iliyobaki na unyevu wa uhakika ilikuwa ukingo wa mto. Wakashuka na magimbi, miwa na mboga. Miwa na mboga zinataka jua, miti ikaondoka.

Kwa hiyo mabadiliko ya mvua yaliufikia mto huu kupitia jembe la mkulima aliyekuwa anatafuta chakula. Ukame wenyewe mto ungeuvumilia, kama ulivyowahi kuvumilia mwingine. Kukosa kivuli na ukingo wa kuzuia udongo ndiko kulikowashinda viumbe wake.

Njia zenyewe ni tatu na zinafanya kazi pamoja. Kwanza joto: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7.5, na wakati huo huo miili ya viumbe wenye damu baridi inachapuka na kuhitaji hewa zaidi. Mdudu anapungukiwa pande zote mbili. Pili chakula: chini ya msitu kijito kina kivuli na mwani ni mchache, hivyo viumbe wengi huishi kwa majani yanayoanguka. Kuna wanaoyatafuna, kuna wanaochuja vipande vinavyopita, na kuna wanaowala hao. Ukikata miti unaondoa kapu la chakula, na jua linaleta mwani unaoziba chujio. Tatu tope: udongo wa ukingo uliolimwa huingia mtoni kila mvua na kujaza mianya iliyo chini ya mawe, na mianya hiyo ndiyo makazi ya wadudu wachanga na maficho ya kamba. Katika hizo tatu, mimi naona tope ndilo baya zaidi hapa. Joto linashuka mti ukikua. Tope lililokwisha kukaa linasubiri mafuriko ya kuliondoa, na mafuriko hayo hayo huleta jingine.

Maamuzi na sababu zake

Matokeo yalipelekwa kwenye mkutano wa hadhara kwa beseni mbili, moja ya juu na moja ya mashambani, kila moja ikiwa na maji na viumbe wake. Watu walizizunguka na kuangalia. Faini ya vijana ilifutwa, na mwenyekiti akawaomba radhi mbele ya wote. Marufuku ya utupa ilibaki, kwa kuwa utupa ni kosa na unaua, hata kama safari hii haukuwa chanzo.

Jambo gumu lilikuwa ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kwa mabonde membamba ya huku, mita 60 kila upande ni shamba zima la familia, pamoja na nyumba kwa baadhi yao. Ofisa aliyekuwapo alitaka ibandikwe notisi. Wenye mashamba walisema wazi kuwa notisi ikibandikwa watalima usiku.

Kilichokubaliwa ni kwenda kwa hatua. Sheria haikubadilishwa na haikusemwa kuwa imebadilishwa. Kumbukumbu za mkutano ziliandika kwamba jembe litaondoka kwanza kwenye ukanda unaogusa maji, magimbi yahame nyuma yake, na ukanda upanuliwe miti ikianza kulipa. Ndiyo sababu uchaguzi wa miti ulichukua muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Mikaratusi ilipendekezwa kwa kuwa inakua upesi na nguzo zina soko, ikakataliwa: inakunywa maji mengi, na majani yake magumu yenye mafuta ni chakula kibovu kwa wadudu wa mtoni. Ilichaguliwa mikuyu, ambayo hushika ukingo na huota hata kwa matawi, na misambu, mti wa milima yetu ambao mbegu zake zina mafuta na huuzwa. Chini ya kivuli kitakachopatikana, iliki irudi. Wazee waliipokea hoja ya iliki kwa furaha iliyoonekana usoni, maana lilikuwa zao la ujana wao.

Kilichotokea

Upandaji wa kwanza ulifanywa masika, kwa sababu ndivyo kalenda ya kitalu ilivyokuwa. Mto ulifurika na kusomba sehemu kubwa ya miche iliyokuwa karibu na maji. Uliofuata ulifanywa vuli, kwa matawi manene ya mkuyu yaliyopigwa ndani kama nguzo, na huo ulishika. Magugu na nyasi za ukingoni, ambazo hazikupandwa na mtu, zilifanya kazi kubwa kuliko miche katika kipindi cha mwanzo. Mara jembe lilipoondoka zilijaa zenyewe na kuanza kuchuja udongo.

Viumbe hawakurudi kwa pamoja, na mpangilio wao wa kurudi ulitufundisha kuliko kipimo chochote. Wadudu wenye mikia mitatu walitangulia, wakaonekana kwanza karibu na msitu na kisha kushuka. Hao wana mabawa wakikua, na wachanga wao hubebwa na mkondo. Kaa walifuata kwa kuchelewa. Kaa wa maji baridi hahitaji bahari: jike hubeba mayai na vitoto chini ya tumbo, na mkubwa anaweza kutembea nchi kavu usiku wa mvua. Alirudi kwa miguu, kutoka juu.

Kamba hawakurudi. Maji yalipoa, mawe yalianza kunyanyuka, chujio likapungua kuziba, lakini vikapu vya watoto vilitoka vitupu. Mjadala wa utupa ukaanza kunong'onwa tena.

Jibu lilikuwa kwenye banio. Kamba wengi wa mito yetu ya pwani huzaa mtoni, lakini wachanga wao hushuka na mkondo hadi maji yenye chumvi kule mlangoni mwa mto, wakakulia huko, kisha hupanda tena wakitambaa kando ya maji. Mikunga wao huzaliwa baharini mbali kabisa, na wachanga hupanda mito. Wote wanaweza kutambaa juu ya mwamba uliolowa, hata wenye mwinuko. Hawawezi kupita ukuta mkavu. Banio lilikuwa limeinuliwa wakati wa ukarabati, na tangu vuli ianze kuyumba, kaskazi bomba lilikuwa linachukua maji yote. Chini ya banio mto ulikuwa mawe matupu kwa wiki kadhaa. Huko juu tulikuwa tunatengeneza makazi ya mnyama ambaye njia yake ilikuwa imefungwa huku chini.

Kamati ilijenga mteremko wa mawe yenye makwaruzo upande mmoja wa banio na kutoboa tundu dogo la kuulowesha daima. Hoja iliyowashawishi ilitoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayotaka kuwe na akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto. Masika iliyofuata, fundi aliona kwa tochi kamba wadogo wakipanda mteremko ule. Juu ya banio walipatikana wachache, bado hawajatosha kitoweo. Mikunga hawajaonekana.

Tathmini

Kulinganisha sehemu mbili za mto mmoja kulifanya kazi kuliko maelezo yoyote. Hakuna aliyekuwa na takwimu za zamani, lakini msitu wa juu ulikuwa kumbukumbu hai ya jinsi mto wote ulivyopaswa kuwa. Mahali ambapo msitu umekwisha kabisa kumbukumbu hiyo haipo, na kazi inakuwa ngumu mara dufu.

Kushindwa kukubwa kulikuwa kwa wale wasioulizwa. Wanawake wanaofua walijua maji yamepata joto miaka kadhaa kabla ya chujio kuziba, lakini ajenda ya maji kijijini ilikuwa bomba, na anayezungumzia bomba ni fundi na kamati. Ningeshauri kamati yoyote ya maji iwe na watu wanaouingia mto kwa miguu.

Makubaliano ya hatua kwa hatua yana udhaifu ambao sitauficha. Ukanda ulioachwa ni mwembamba. Unatosha kutia kivuli na kuzuia sehemu ya udongo, hautoshi kwa mvua kubwa ya siku moja inayokuja na mteremko mzima wa mahindi. Bila makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji, juu kwenye mashamba, tope litaendelea kuingia. Hata hivyo nauona bora kuliko mita 60 za kwenye karatasi, kwa sababu huu upo na unaonekana.

Uchunguzi wa mto pia ulianzia juu na kuishia kwenye mashamba. Haukushuka chini ya banio mapema, ingawa kamba ndio waliokuwa kiini cha malalamiko na wachanga wao hukulia chini. Kisa kingine cha aina hii kianze kwa kuuliza mnyama aliyepotea huzaliwa wapi na hupita wapi, ndipo mtu achague pa kutia wavu.

Yapo mawili ambayo hayajakwisha. Kijito kimoja kinachoingia mtoni kinatoka kijiji jirani, na kivuko cha ng'ombe huko bado kinashusha tope. Vijiji viwili vimeandikiana barua, kikao cha pamoja hakijafanyika. La pili ni tundu la banio. Kaskazi iliyopita, maji yalipopungua kwenye vituo, mtu aliliziba kwa kitambaa, mwingine akalizibua, na kamati imelazimika kuandika kwenye kanuni zake nani ana ruhusa ya kuligusa na kwa kiwango gani cha maji. Wanafunzi wa shule ya msingi hupindua mawe matatu yale yale kila mwezi na kuandika walichokiona kwenye daftari linalokaa ofisi ya kijiji.